Mguu Pande Mbele ya Kamera

Kishindo. Buti mia moja za kushoto zikitua kwenye uwanja wa murram kwa pamoja, halafu kimya, kimya cha watu mia waliobana pumzi. Sauti hiyo haijawahi kumtoka Simeon Gachau. Aliisikia mara ya kwanza kwenye kambi ya makurutu kule Eldoret mwaka wa 1983, akiwa na miaka ishirini na kifua kama mlango wa ghala, na tangu siku hiyo mwili wake una mambo mawili unayoyafanya bila kumwomba ruhusa. Ukisikia "mguu sawa", au ukijikuta tu mbele ya mkubwa, unasimama wima na kukauka. Na jina lake likisomwa kwenye orodha, unajibu "Nipo" kwa sauti ya kupasua kikombe.

Mambo hayo mawili yalimtunza miaka ishirini na minne jeshini, akatoka akiwa sajenti bila doa kwenye faili. Lakini Oktoba iliyopita, lile la kwanza nusura limnyime mke wake jicho.

Gachau anaishi Murera, kwenye ploti aliyoinunua mwaka aliostaafu, wakati majirani zake walikuwa mbigili na sungura. Siku hizi majirani ni nyumba za ghorofa zinazopanda kila mvua ikikatika, na yeye yuko katikati yao na migomba yake, ng'ombe wake wawili, na chumba kimoja cha mabati ambacho kwa miaka mingi hakikunyamaza. Humo ndimo Gathoni, mkewe, alimoweka mashine ya kufuma sweta. Krr-shaa, krr-shaa, tangu asubuhi hadi saa ya kukamua. Watoto wa shule wa upande ule wote wamekua ndani ya sweta zake, za kijani, za buluu, na zile za rangi ya damu ya mzee.

Jicho la kushoto la Gathoni liliharibiwa na presha ya macho zaidi ya miaka kumi iliyopita. Akabaki na la kulia, akalitumia kama mtu anavyotumia jembe la pekee nyumbani, kwa kila kazi na bila kulalamika. Kisha mtoto wa jicho akaingia. Alianza kama moshi. Gathoni akawa anafungua madirisha. Halafu shule moja ikarudisha sweta kumi na moja, kila moja ina mkono mmoja wa damu ya mzee na mwingine wa kahawia. Alicheka alipoambiwa, akasema watoto wangekuwa rahisi kutambulika wakipotea. Kisha akaenda akaketi kwenye migomba, na hakurudi mpaka chai ikapoa mara mbili. Kesho yake aliifunika mashine na shuka.

Gachau alizigawa zile sweta kwa watoto wa jirani, zote isipokuwa ile kubwa ya kidato cha nne. Hiyo aliivaa yeye mwenyewe. Aliivaa akikamua, aliivaa akienda dukani, mkono huu damu ya mzee, mkono huu kahawia. Hakumwambia mkewe.

Daktari wa hospitali ya wanajeshi, ambako familia za wastaafu hutibiwa, alilimulika jicho na kusema linawezekana. Aliwapa Alhamisi ya mwisho wa Oktoba. Alisema pia, kwa upole, kwamba mtoto wa jicho huyo amekomaa sana, na wakikosa nafasi hiyo nyingine iko Februari, na kufikia Februari hangependa kuahidi mtu chochote. Gathoni alianza kupanga begi lake siku hiyo hiyo, wiki tatu kabla.

Wakati huo ndipo Wizara ya Ulinzi ilipokuwa inahamisha shughuli zake kwenye mtandao. Awali kila mstaafu alikuwa akijipeleka ofisini mara moja kwa mwaka kuthibitisha kwamba bado yuko hai, yeye na wanaomtegemea. Sasa uthibitisho huo, barua za hospitali, orodha za familia, hata zabuni za wale wanaowauzia jeshi maharagwe na matandiko, vyote vinafanywa kwa kompyuta. Gachau alitumiwa ujumbe mara mbili. Simu yake ni kabambe, ile ya vibonye na tochi, na ujumbe ulianza kwa kumwomba namba yake ya utumishi. Jeshini alifundishwa kwamba namba hiyo haipewi mtu usiyemwona uso. Akaufuta wa kwanza. Wa pili aliufuta kwa hasira, akijua kabisa ni wale matapeli wa simu.

Aliyemwokoa ni Ndunge. Alimpigia Jumanne asubuhi, siku mbili kabla ya upasuaji.

"Afande, umeshajithibitisha?"

"Wapi?"

"Kwa mtandao. Si walikutumia meseji?"

"Nilifuta. Ni wezi."

"Si wezi, afande. Ni wao. Na mwisho ni kesho saa kumi na moja. Usipothibitishwa, mama hayuko kwa orodha ya Alhamisi."

Ndunge ni binti wa marehemu Mulei, aliyelala hema moja na Gachau kule Wajir na kugawana naye chupa moja ya maji kwa kifuniko. Ana duka la kompyuta Mwiki, huko Ruiru, lenye mashine nne, printa moja na picha ya baba yake akiwa na kofia ya jeshi. Wazee wa jeshi wa upande huo wote humwendea. Huja na faili zao zimefungwa kwa kamba ya kiatu, naye huziskani karatasi moja moja na kuwarudishia zikiwa zimenyooshwa. Baba yake aliwahi kuanguka kwenye foleni ya uthibitisho, miaka ile, kwa sababu ya jua na sukari. Hakuna aliyemkosea, watu walimbeba vizuri wakampa kiti. Lakini Ndunge hakusahau zile kilomita ambazo mgonjwa alilazimika kusafiri ili kusema kwamba hajafa.

"Keti hapa, afande," alisema Gachau alipofika.

Gachau aliitazama skrini. Juu kabisa palikuwa na nembo ya Ulinzi. Akavua kofia.

"Mbele ya hiyo siketi."

"Ni laptopu."

"Naona nembo."

Ndunge alijua kubishana na watu hawa ni kupoteza stima. Aliinua laptopu akaiweka juu ya boksi la karatasi, na boksi juu ya kiti, mpaka kamera ikalingana na uso wa mzee. "Sasa ni rahisi. Itakuona, itakuambia ufanye vitu vitatu, halafu basi. Tayari?"

Duara likatokea kwenye skrini, na ndani yake uso wa Gachau. Mwili wake ulifanya ulichofundishwa. Visigino vikakutana, kidevu kikapanda, macho yakatua mahali fulani juu ya mlango na kugandia hapo.

"Inasema upepese macho," Ndunge alisoma.

Gachau hakupepesa. Siku ya gwaride, mbele ya wakubwa, nzi aliwahi kutembea juu ya kope lake kutoka upande hadi upande, na hakupepesa.

"Afande. Macho. Pepesa."

Duara likawa jekundu. Ndunge akasoma kimya kwanza, kisha kwa sauti: "Imegunduliwa kuwa ni picha. Tafadhali tumia mtu aliye hai."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kupigiwa chapa barua yake aliangalia kando na kukohoa.

Jaribio la pili, Gachau alijilazimisha akapepesa, mara moja, kama anayefunga bolti ya bunduki. Mashine ikakubali, ikaendelea. "Geuza uso kushoto," akasoma Ndunge. Hapo ndipo mambo yakaharibika, kwa sababu amri hiyo Gachau anaijua. Kichwa chake kikageuka kwa mpigo mmoja, chap, kama wakati wa kumpita mgeni wa heshima, kikakaa huko huko. Kamera ikampoteza. Ndunge akamwambia rudi, rudi, lakini "rudi" si amri ya gwaride, na ilipompitia akilini kwamba anaambiwa arudi mbele, duara lilikuwa limeshakuwa jekundu tena.

Mara ya tatu aliambiwa atabasamu.

"Hapana," alisema yule mama wa barua, akishindwa kuvumilia. "Hiyo si kutabasamu, mzee. Hiyo ni jino linauma."

Mashine ikafunga hadi kesho. Majaribio ni matatu kwa siku.

Ndunge alipiga namba ya msaada, akaweka simu kwenye meza isikike. Sauti ya mwanamke ikaomba namba ya utumishi. Gachau alimtazama Ndunge, Ndunge akaitikia kwa kichwa, naye akaitaja tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayevua nguo kwa daktari.

"Sajenti Gachau," sauti ikasema. "Yule wa ndizi."

Gachau akaishika meza. Alikuwa Mwendwa, karani aliyempigia muhuri kila mwaka tangu astaafu. Gachau alizoea kumpelekea kichana cha ndizi kutoka Murera, na Mwendwa alizoea kumwangalia juu ya miwani na kumwuliza, "Sajenti, bado upo?" Gachau aliposikia habari za mtandao, jambo la kwanza lililomjia ni kwamba Mwendwa ametupwa nje pamoja na makabati ya faili.

"Nilidhani walikufuta kazi, mama."

"Walinipa headphone. Masikio yanauma lakini miguu imepona." Akacheka, kisha sauti yake ikatulia. "Naona Alhamisi yako hapa. Ni ya mama. Sajenti, mimi sina uwezo wa kukuthibitisha kutoka hapa, na orodha ya upasuaji inafungwa kesho saa kumi na moja kamili. Lakini nisikilize. Hiyo mashine haitafuti askari, inatafuta mtu anayepumua. Usisimame vile ulikuwa unasimama kwangu."

Gachau aliyaelewa vibaya maneno hayo. Alipotoka Mwiki alikuwa ameshaamua kwamba kasoro iko kwenye picha, na kwamba kinachotakiwa ni picha bora zaidi, ambayo Ndunge ataionyesha kamera. Kwa hivyo hakwenda nyumbani. Alienda Thika, nyuma ya soko, kwenye studio ya Kulwant.

Kulwant amepiga picha watu wa Thika tangu baba yake alipomwachia kiti na pazia. Mchana huo alikuwa ameketi mlangoni na kilemba chake cha buluu, akinywa chai ya tangawizi, na aliposikia hadithi yote hakuinuka.

"Sajenti, wewe nimekupiga mara ngapi?"

"Sijui. Kila walipotaka."

"Ngoja." Aliingia ndani akatoka na boksi la biskuti lenye picha ndogo ndogo za pasipoti, akazipanga kwenye kaunta kama karata. Zilikuwa saba. Uso ule ule mara saba, kidevu juu, macho juu ya mlango. "Ukiangalia hivi, ni mtu mmoja anapoteza nywele akiwa ndani ya friji. Mimi mwenyewe nikiwa hiyo mashine, nakukataa."

"Kwa hivyo hunipigi?"

"Nikupige ya nane ifanye nini?" Kulwant alipekua tena chini ya boksi. Mkono wake ulitoka na picha kubwa kidogo, pembe zimejikunja. "Hii nilitaka kutupa. Uliharibu. Ulisogea."

Ilikuwa ya mwaka wa 1987, siku waliyokuja kupigwa picha ya uchumba. Gathoni yuko wazi kabisa, kola nyeupe, anacheka. Kando yake pana kijana wa jeshi ambaye uso wake umetoka na ukungu, kwa sababu wakati taa inawaka alikuwa ameshageuka kumwangalia.

"Nikamwambia mke wako turudie. Akakataa. Akachukua moja, hii ikabaki. Akasema hiyo ndiyo anataka, hapo ndiyo anakujua." Kulwant akaisukuma upande wake. "Hapo peke yake unapumua, Sajenti. Mashine inataka huyo. Lakini huyo si wa studio. Nenda nyumbani."

Gachau alimkuta Gathoni ameketi kwenye ngazi, begi lake miguuni, anachambua maharagwe kwenye sinia kwa vidole. Hakuwa amemwambia lolote. Asubuhi alisema anaenda Mwiki kumsalimia Ndunge, na njiani kurudi alikuwa ametayarisha uongo mwingine mdogo wa kumpeleka hadi kesho. Badala yake alimwekea ile picha mkononi.

Gathoni aliipapasa pembe, akaisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali. "Ni ile? Ile una ukungu?"

"Ndiyo hiyo."

"Umetoka Thika." Akaiweka mapajani, juu ya maharagwe. "Kumefanyika nini, Baba Kui?"

Akamwambia. Alimwambia yote, meseji alizozifuta, duara jekundu, saa kumi na moja ya kesho, Februari. Aliongea akiangalia migomba. Alipomaliza alisema jambo ambalo hakujua kama alikuwa analo: kwamba ameishi akidhani kusimama imara ndiyo kazi yake, na sasa kusimama huko huko kumemweka mkewe gizani.

Gathoni alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalirusha.

"Kwa hivyo serikali inasema nimeolewa na picha."

"Usicheke."

"Miaka thelathini na saba nimekuwa nikiwaambia watu." Akacheka hata hivyo, na sinia ikatikisika. Kisha akamshika kifundo cha mkono. "Kesho tunaenda wote."

Jumatano walifika kwa Ndunge saa nane. Ndunge alikuwa amefunga mlango nusu, akaandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi kwamba atafungua baadaye. Akamketisha Gathoni kwenye kiti nyuma ya mumewe, akainua laptopu juu ya boksi lake.

"Pole pole, afande. Tuko watatu tu hapa."

Nembo ikatokea. Visigino vikakutana.

Gachau aliusikia mwili wake ukijifunga kama geti, na alijaribu, kwa kweli alijaribu, kuuzuia. Jasho lilimtoka. Duara likawa jekundu. Akabaki na majaribio mawili.

"Amesimama aje?" Gathoni aliuliza kutoka nyuma.

"Kama nguzo ya stima, mama."

"Nishike mkono, Ndunge. Nipeleke pale mashine iko. Upande wa nyuma, aniangalie mimi." Aliongozwa kati ya viti, akasimama nyuma ya laptopu, akaigusa juu kwa ncha za vidole kujua ilipo. "Usimsomee yeye. Nisomee mimi, pole pole."

Walipokaa kwenye nyumba za familia kule Gilgil, wake za askari walikuwa wakifua nguo kando ya seng'enge, na ng'ambo ya seng'enge makurutu walikuwa wakifundishwa kwata. Gathoni alijua amri zote. Alizitumia kuwalaza watoto.

"Gachau," alisema. "Mguu pande."

Mguu wa kushoto ukasogea wenyewe. Mikono ikaenda nyuma.

"Legeza."

Mabega yakashuka. Ilikuwa kama kuona mtu akiteremsha gunia alilolibeba kwa muda mrefu hata watu wakadhani ni mgongo wake.

Sasa Gachau alimwona mkewe. Hakuwa amemtazama hivyo kwa miezi mingi, kwa sababu kulitazama jicho lile kulimwuma. Lilikuwa na rangi ya uji mwepesi. Na alichokiona ni kwamba Gathoni hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaangalia kando kidogo, upande wa kushoto wa Gachau, akiongea kwa makini na ukuta uliokuwa na kalenda, akiamini hapo ndipo mumewe alipo.

"Macho," Ndunge alinong'ona.

Hapakuwa na haja. Macho ya Gachau yalikuwa yameshajaa, na jicho likijaa hupepesa.

"Geuka kushoto," akanong'ona Ndunge tena.

Alikuwa anageuka tayari, taratibu, akiufuata mtazamo wa Gathoni, akijaribu kuuingiza uso wake mahali ambapo mkewe alidhani upo. Alifika hapo. Akarudi kumtazama tena.

"Ndunge amesema ucheke," akasema Gathoni kwa ule ukuta. "Sasa nikuambie nini, Baba Kui. Nikuambie ile siku ulimpigia saluti pasta akiwa na kitambaa cha komunyo?"

Gachau akacheka. Si kwa sababu ya pasta. Duara likazunguka, likafikiri, likazunguka tena, na Ndunge akaweka kiganja mdomoni. Likawa kijani.

Skrini ikabadilika. Gachau, Simeon, Sajenti mstaafu: yu hai. Chini yake: Gathoni, mke. Chini yake tena, upasuaji wa jicho la kulia, Alhamisi, saa mbili asubuhi. Ndunge alibonyeza, na barua ya hospitali, ambayo zamani ingewatoa nyumbani alfajiri na kuwarudisha jua likizama, ikatoka kwenye printa nyuma yao. Alimpa Gachau. Ilikuwa bado ya joto. Akaishika kwa mikono miwili kama watu wanavyopokea chakula.

Simu ya Ndunge ikalia. Alikuwa Mwendwa.

"Mwambie Sajenti nimemwona. Kwa skrini yangu amekuwa kijani."

Gachau akainama karibu na simu. "Mama, nitakuletea ndizi."

"Huku kwa simu hazipiti. Msalimie tu mama."

Kuna watu wanaoulaumu mtandao, na kwenye benchi la nje la duka la Ndunge Gachau huwasikia. Husema serikali imekuwa kioo. Yeye hasemi sana. Siku hizi kila Jumanne huenda Mwiki, kwa sababu ilijulikana kwamba si yeye peke yake. Wazee wengi wa gwaride wanakataliwa kwa kosa hilo hilo. Husimama nyuma ya laptopu, mahali alipokuwa amesimama mkewe, na kuwaambia mguu pande, legeza, halafu huwauliza habari za mtu. Mara ya kwanza huwa hawaelewi. Huwauliza mama yuko aje, au mtoto wa mwisho anaitwaje, au nani aliwapikia asubuhi. Duara huwa kijani wakiwa katikati ya jibu. Mmoja alitoka humo akasema ofisi haijawahi kumwuliza habari za mke wake. Gachau akamwambia hata leo si ofisi iliyouliza, lakini ashukuru tu.

Yeye anashukuru. Ukimpata kwenye migomba atakutajia wote bila kusahau mmoja: Ndunge aliyepiga simu, Mwendwa na headphone yake, Kulwant aliyekataa kumpiga picha, daktari, yule mama wa barua na jino lake linalouma. Huwataja kwa mpangilio, kama orodha ya asubuhi.

Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko kukamua ng'ombe mmoja. Gathoni alilala wodini na kitambaa juu ya jicho, na Ijumaa saa tatu nesi akaja na mkasi mdogo. Gachau alikuwa ameruhusiwa kuingia mapema. Kulikuwa na baridi, naye alikuwa amechukua nguo ya kwanza aliyoikuta kwenye msumari. Alisimama miguuni pa kitanda. Hakujua kwamba visigino vyake vimekutana.

Kitambaa kikatoka. Gathoni alifumba, akafumbua, akafumba. Nesi akamwambia asiharakishe. Alitazama dari kwanza, kisha dirisha, akaacha jicho likae kwenye dirisha kwa muda. Likashuka ukutani, likafika kwenye vyuma vya kitanda, likapanda.

"Hiyo sweta," alisema.

Gachau akajitazama kifuani.

"Mkono mmoja ni kahawia." Aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Baba Kui, umekuwa ukitembea na hiyo Murera yote?"

"Ni ya joto."

"Tangu lini?"

"Tangu warudishe."

Gathoni alimwangalia. Alimwangalia moja kwa moja, si kando, kuanzia kile kidevu kilichopanda juu hadi mvi za nyusi, ambazo hakuwa amepata kuziona. Nesi alikusanya vitambaa vyake taratibu. Kisha Gathoni, akiwa bado anacheka au anafanya jambo lililo karibu na kucheka, alimwita kwa jina lake tupu, jinsi majina yanavyosomwa kambini.

"Gachau."

Kifua kilijaa chenyewe, kama kilivyojaa maisha yote, tayari kupasua vikombe vya wodi nzima. Akaiacha ile pumzi itoke. Akasogeza mguu wa kushoto pembeni, akamwinamia.

"Nipo," alisema, kwa sauti ambayo hata nesi hakuisikia.